Mstari Mmoja Kwenye Wasifu wa Marehemu

Jua lilikuwa limeanza kuchoma pale msemaji wa familia alipokunjua karatasi yake. Wachimbaji walikaa pembeni, koleo mapajani, wakisubiri zamu yao. Habari ya asubuhi ile ilikuwa imeshapita kimyakimya miongoni mwa wanaume: shimo la kwanza lilikuwa limeachwa, maana walipofika usawa wa kiuno walikuta mifupa. Hakuna aliyejua ni ya nani. Wakaifunika kwa heshima, wakasogea hatua nne, wakaanza upya.

Aliyekuwa akizikwa ni jirani wa mama yangu, mzee wa mji mdogo wa wilaya mkoani Morogoro. Wasifu wake ulisomwa kama zinavyosomwa zote. Alizaliwa mwaka 1956. Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1978 alijiunga na mgambo na kushiriki vita vya Kagera. Alifunga ndoa takatifu mwaka 1983. Alifanya kazi ya ulinzi wa ghala hadi afya ilipomshinda. Alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, akatibiwa huku na kule, mpaka Mungu alipompenda zaidi. Ameacha mjane, watoto 6 na wajukuu 19. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Karatasi ikakunjwa, ikarudi mfuko wa koti, na sisi tukasogea kutupia udongo.

Vita vyote, pamoja na Uganda aliyoivuka kwa miguu, vilipata mstari mmoja, tena mfupi kuliko ule wa shinikizo la damu.

Husemwa mara nyingi kwamba sisi hatuna utamaduni wa kuandika, kwamba kumbukumbu zetu ziko vichwani mwa wazee na zinakwenda nao. Siku hizi sikubaliani na msemo huo. Nenda kwenye msiba wowote wa Mkristo nchini, na misiba mingi ya Waislamu pia kwa namna yake, utakuta mtu amekaa usiku kucha na kalamu akiuliza ndugu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alianza kazi mwaka gani? Ubishi unazuka, shangazi anasahihisha, kaka mkubwa anakumbuka. Kesho yake yanasomwa mbele ya mamia ya watu wanaomfahamu marehemu, ambao mtu akidanganya watanong'onezana. Ukiniuliza mimi, huo ni uandishi wa historia, wenye mashahidi wengi kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Tunachokosa ni rafu ya kuiweka ile karatasi. Jioni imeshafungiwa karanga.

Na kwa wapiganaji wetu wa zamani, ile karatasi ndiyo pekee.

Tufanye hesabu kidogo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Baada ya hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba, ile ya uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, lilitunishwa kwa muda mfupi hadi likapita watu 150,000, kwa kuwachota mgambo, JKT, polisi na magereza. Idadi ya askari wetu waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 373, na wako wanaoipandisha juu ya hapo. Chagua unayoipenda, jibu halibadiliki sana: kati ya kila mia moja waliovaa gwanda, tisini na tisa walirudi nyumbani.

Waliokufa wana Kaboya, wilayani Muleba, kwenye mnara wenye majina yao. Waliokufa wakati wa kusaidia ukombozi wa Msumbiji wana Naliendele, Mtwara. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaona kwenye runinga mkuki na ngao vikiwekwa, sime, shoka, upinde na mshale, kisha shada la maua na tarumbeta. Ni ibada nzuri na mimi huitazama hadi mwisho. Lakini inawahusu wale wachache. Hao tisini na tisa wametawanyika kwenye makaburi ya kata na vijiji, kwenye migomba ya Bukoba na vihamba vya Kilimanjaro ambako mtu huzikwa nyumbani kwake, na kwenye makaburi ya mijini yaliyojaa kiasi kwamba mchimbaji hawezi kutia jembe bila kugusa mtu. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 sasa ameshapita 65. Wanazikwa kila wiki. Taifa limejifunza kuadhimisha kifo cha mpiganaji, ila maisha yake bado hatujui tuyafanyeje.

Jambo hili lina historia ndefu, na mwanzo wake unauma.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa katika ardhi hii, tangu Tanga Novemba 1914 hadi kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, uzito wake ulibebwa kichwani. Mbung'o waliwamaliza farasi na punda, reli zilikuwa chache, barabara ndiyo usiseme. Upande wa Waingereza peke yake waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika miaka ile. Makadirio ya waliokufa huzunguka kwenye laki moja, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na baridi ya milimani, wakiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani.

Mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, Uingereza iliunda tume ya makaburi ambayo leo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa nzuri: jenerali na kuruta wapate jiwe la namna moja, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kanuni hiyo ilipofika huku kwetu ilikwama bandarini. Gavana wa kwanza wa Kiingereza wa Tanganyika, Horace Byatt, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Takwimu za Waafrika waliokufa wakibeba mizigo hakutaka hata kuzitafakari. Yalirudi pori kweli, kisha pori likawa nyumba.

Badala ya majina tukapewa sanamu. Ile ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, ina wenzake Nairobi na Mombasa. Maandishi yake yanawataja askari Waafrika, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nimepita pale mamia ya mara, mara nyingi nikikwepa bodaboda, na kila nikiyakumbuka maneno hayo huuliza jina lipi. Jiwe linaloahidi kwamba majina yatakumbukwa halina jina hata moja.

Kibao kikubwa kuliko vyote cha wapagazi wale ni soko. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo yetu ikalifanya jina hilo Kariakoo, kama Nairobi walivyolifanya Kariokor. Leo watani wa Kariakoo wakikutana uwanjani nchi nzima inasimama, na sidhani kama mmoja katika mia ya wanaolitaja jina hilo kwa kelele anajua ni jina la watu waliokufa wakibeba mizigo. Silalamiki. Jina limedumu kuliko mawe. Ila ni jina la kundi, na kundi halina mama wala watoto.

Mwaka 2021 tume ile ya makaburi ilitoa ripoti iliyokiri ubaguzi wake. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina au hawakuadhimishwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni tarehe 22 Aprili. Januari 2025 ukazinduliwa ukumbusho mjini Cape Town wa wafanyakazi weusi wa jeshi la Afrika Kusini waliofia barani humu katika vita hivyo: zaidi ya 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mti na jina lake juu yake. Karne moja ilikuwa imepita. Lakini majina yalipatikana, kwa sababu kulikuwa na karani fulani, mahali fulani, aliyeyaandika.

Ripoti za namna hii zikitoka, sisi huku hupata siku mbili tatu za kumlaumu Mwingereza, na lawama anazistahili. Lakini pale makaburini Morogoro, nikiwatazama wachimbaji wakisogea hatua zao nne, nilijiuliza kama Byatt angekuwa hai angehitaji kutoa amri gani zaidi. Pori tunalimwagilia wenyewe.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tunajua dawa, na tuliiona ikifanya kazi mbele ya macho yetu. Mwaka 1968 barabara mpya ilitakiwa kupita kwenye makaburi ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako walilala zaidi ya askari 600 wa Vita Kuu ya Kwanza. Wote walihamishwa, na ndivyo yalivyozaliwa Makaburi ya Vita yaliyo kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, yale yenye nyasi zilizokatwa utadhani zulia. Watu hudhani siri ya mahali pale ni pesa za kigeni. Pesa zipo, sikatai, maana nyasi hazijikati. Lakini pesa ingewasaidia nini wahamishaji kama wasingekuwa na orodha? Kaburi lililoandikwa daftarini linahamishika, likifutika huandikwa tena, na mjukuu akija baada ya miaka 60 kutoka nchi nyingine huonyeshwa. Lisiloandikwa, barabara ikipita, imepita nalo.

Baada ya vita vile vikaja vingine, Vita Kuu ya Pili, na huko ndiko walikotoka wazee tuliowakuta wakiitwa askari wa keya. Keya ni KAR, King's African Rifles. Walikwenda Abisinia, wakaenda Madagaska, wakapelekwa Burma, leo Myanmar, au Bama kama walivyoiita wenyewe, kupigana na Mjapani kwenye mvua na matope ya bonde la Kabaw. Wengine hawakufika. Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa Februari 1944, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, na watu karibu 1,300 wakazama nayo, mamia kati yao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliobaki hai walirudi na koti zito, pengine na baiskeli, na Kiingereza cha kufokea.

Wazee hawa waliachwa yatima na pande mbili. Kwa Mwingereza walikuwa raia wa daraja la chini wa himaya iliyokuwa inafunga virago. Kwa sisi tuliopata uhuru walikuwa watumishi wa mkoloni. Januari 1964 kikosi cha Tanganyika Rifles, mrithi wa keya, kiliasi, kikavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa JWTZ, jeshi jipya lisilotaka ukoo na lile la kale. Kisiasa ulikuwa uamuzi wa busara, na matunda yake tunayala hadi leo kila tunapoona majirani wakipinduana. Gharama yake iliwaangukia wazee wa Bama, waliokosa jeshi la kuwaita wenzetu. Kenya mambo yalikuwa makali zaidi. Mfalme Charles alipozuru huko mwaka 2023 aliwakabidhi maveterani wachache wa keya medali mpya, maana za awali walizitupa enzi za Mau Mau wasije wakaonekana watu wa Mwingereza. Hebu fikiria mtu anatupa ushahidi wa ujana wake ili aishi.

Kuna waliovuka daraja hilo salama. Jenerali David Musuguri aliingia keya mwaka 1942, akaenda Madagaska, akabaki jeshini bendera zikibadilika, na mwaka 1979 ndiye aliyeongoza divisheni iliyopita Lukaya kuelekea Kampala. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104 na akazikwa Butiama kwa heshima zote za kijeshi. Nchi nzima ilisikia wasifu wake, na haki yake. Wale waliobeba masanduku ya risasi nyuma yake, wasifu wao unasikika hadi unapoishia mwangwi wa spika ya kukodi.

Kwa nini tumewasahau kirahisi hivyo? Uzembe upo, lakini si jibu lote. Kwanza walirudi wakati mbaya. Vita viliikausha hazina, Mwalimu akatuomba tufunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ule hatukuufungua mpaka muongo ukaisha. Shujaa alishuka kwenye lori akakuta foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na unga wa njano ambao watu waliuita wa Yanga. Ushindi na dhiki vikaingia nyumbani kwa mlango mmoja, na ukitaka kusahau kimoja unasahau na kingine. Halafu mgambo hakuwa mwanajeshi wa kudumu. Aliitwa kutoka shambani akarudishwa shambani, bila kikosi cha kumtembelea akiugua wala jeneza la kufunikwa bendera.

Na wenyewe hawakusema. Siku ya tatu ya msiba, turubai likiwa linashushwa, nilimuuliza mjane wa yule mzee kama mumewe aliwahi kumsimulia vita. Akasema hapana, hata siku moja. Akanyamaza kidogo akichambua mchele, kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo la kawaida la nyumbani, kwamba masika, radi ikipiga usiku, mzee alikuwa anashuka kitandani na kulala sakafuni kifudifudi hadi mvua ikatike. Alifanya hivyo miaka yote ya ndoa yao. Watoto walikua wakidhani baba anaogopa radi tu, na wakubwa walimtania.

Hilo halikuwamo kwenye wasifu. Nadhani lilistahili kuwamo kuliko tarehe nyingi.

Najua nitaambiwa mambo. La kwanza ni la dini: kwamba Uislamu hautaki majengo juu ya makaburi. Nalielewa, wala sidai marumaru. Lakini hadithi mashuhuri inasimulia kwamba Mtume alipomzika Uthman bin Madhuun aliweka jiwe upande wa kichwani ili alitambue kaburi la ndugu yake. Jiwe la kutambua, basi. Wakristo nao wasijione wamefika, maana msalaba wa mbao mchwa humaliza kazi yake kabla mjane hajamaliza eda ya kienyeji.

La pili ni zito, na hapa sina raha. Si kila mpiganaji aliyelala kwenye ardhi hii alipigana vita tunavyoweza kujivunia. Askari wa Mjerumani waliochoma maghala ya chakula wakati wa Majimaji, kati ya 1905 na 1907, njaa ikaua watu kuliko bunduki, walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa kabisa. Wengine walistaafu humuhumu, wakaoa, wakazaa, wakazikwa. Songea tunawakumbuka kila tarehe 27 Februari mashujaa walionyongwa mwaka 1906, na walinzi waliosimama wakati wakinyongwa hawakutoka Ulaya wote. Keya walitumwa kuwasaka Mau Mau. Na huko Uganda, Kampala ilipoanguka, si yote yaliyofanyika yalikuwa ya kishujaa, wapo wanaoyajua na wamekaa kimya. Je, nao tuwaandike?

Nasema tuwaandike, na tuandike walichofanya. Mnara hauwezi kazi hiyo. Mnara unajua kusifu tu, ndiyo maana unapenda makundi na unaogopa watu. Wasifu unaweza kubeba mtu na doa lake, kama unavyobeba sasa, kwa lugha yetu ya mafumbo, mlevi na mwenye wake wengi: "marehemu alikuwa mtu wa watu." Tunajua kusoma katikati ya mistari hiyo. Kinachotakiwa ni mistari iwepo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo kiasi cha kuchekesha. Katika miji na vijiji vingi hatuziki bila kupita kwa afisa mtendaji kuchukua kibali. Pale ofisini pawe na kaunta buku moja. Familia ikija kuchukua kibali, iambiwe ilete nakala ya wasifu baada ya mazishi, ibandikwe humo na kuandikwa mahali kaburi lilipo, safu ya ngapi, karibu na mti gani. Na kama marehemu aliwahi kuvaa gwanda, mtendaji aulize maswali machache zaidi: alikuwa kikosi gani, alipita wapi, alikuwa na nani, alirudi lini, na aliporudi aliishije. Swali la mwisho nalisisitiza. Parokia na misikiti wafanye vivyo hivyo kwa waumini wao, wana makabati imara kuliko ya serikali. Shule ya kata iliyo jirani itume wanafunzi wa kidato cha pili mara moja kwa mwaka wakasome vibao vilivyobaki na kuwauliza wazee walio hai, kabla hatujalazimika kuwauliza wajane.

Nitaambiwa pia ni siri za jeshi. Zimepita zaidi ya miaka 45. Aliyekuwa mgambo wa Morogoro akisema alipita Masaka, hakuna adui atakayenufaika.

Ushahidi wa makaratasi una thamani ambayo huonekana ukikosekana. Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi, na sitaapa kwa kila neno lake, kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani wa huku malimbikizo yao, wazee walijitokeza na wengi hawakuwa na cheti. Mlipaji akampa kila mmoja fagio, akaamrisha kwa Kijerumani gwaride la bunduki. Mikono ikakumbuka. Miaka karibu 50 baadaye mwili ulikuwa bado una kitambulisho. Watu hukisimulia kisa hiki wakicheka, na mimi huwafikiria wale ambao wakati huo walikuwa wameshazikwa, ambao mwili wao haukuweza tena kushika fagio.

Mwezi uliopita familia ya jirani yetu ilikusanya michango ya kuweka kibao kwenye kaburi, kabla masika hayajafuta tuta. Nilifuatana nao hadi kwa fundi wa marumaru barabarani, kijana mwenye spika ndogo ya muziki na vumbi jeupe kwenye kope. Akauliza tunaandika nini. Mjukuu mkubwa akamtajia jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Mjane akasema ongeza: alipigana Kagera. Fundi akaandika kwenye kipande cha boksi ili ahesabu herufi, akasimamisha kalamu, akainua uso.

"Kagera alipigana na nani?"

Mjukuu akamtazama mjomba wake. Mjomba akamtazama bibi.